Gauni la Buluu Mlangoni mwa Hoteli

Tulijifunza kushona pamoja, mimi na mwenzangu mmoja, kwa masista hapa Kolwezi, tukitumia mashine moja kwa zamu. Wazazi wake walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, lakini yeye alizaliwa hapa, kama mimi. Tulipoolewa kila mmoja alianza kushona kivyake, yeye karibu na soko, mimi mtaa wa Musonoi.

Mwaka ule mishahara ya mgodi ilikuwa haitoki tena, na watu wa Kasai walikuwa wanafukuzwa mjini warudi kwao. Familia nzima zililala kwenye gare, stesheni ya reli, zikingoja treni. Krismasi ilipokaribia, mke wa meneja wa hoteli moja ya mjini alituita mafundi watano. Kila mmoja atoe gauni moja. Hoteli itayapanga ukumbini na kuyauza, na pesa yote inunue unga na maziwa ya watoto walioko gare.

Nilishona wiki mbili. Gauni la kitenge cha kijani, mikono mipana, vifungo nilivyovifunika kimoja kimoja kwa kitambaa. Nilipolipeleka, nikakuta gauni la mwenzangu limeshasimamishwa mlangoni kabisa, chini ya nyota ya karatasi. Lilikuwa la buluu, bila pambo lolote. Lilishuka tu kutoka mabegani, na ukilitazama hukuona pa kurekebisha. Langu lilitundikwa nyuma, karibu na mlango wa jikoni.

"Yako ni muzuri sana, mama," madame, yule mke wa meneja, aliniambia, huku macho yake yakiwa kwenye lile la buluu.

Roho iliniuma njia nzima. Kesho yake jirani mmoja alikuja kupimwa blauzi.

"Ni kweli hata ku hoteli banaweka ba Kasai mbele, sisi nyuma?"

Nilijua vizuri kilichokuwa ndani ya swali lile. Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa.

"Njo vile," nikakubali. "Banachukua yote."

Maneno yale yalinipa raha, sitaficha. Raha ya siku nne. Siku ya tano vijana walipiga mawe nyumba yake, na yeye na mume wake na watoto watatu wakaenda gare na godoro moja. Sijui kama maneno yangu yalifika huko. Mawe yalikuwa yanapigwa kila mtaa, na mimi au bila mimi. Ndivyo ninavyojiambia.

Mauzo yalifanyika hata hivyo. Wanawake wawili waligombania gauni lake mpaka madame akacheka. Langu halikuulizwa na mtu. Mwishoni madame alilinunua mwenyewe, kwa huruma, akampa mwanamke wa mapokezi.

Baada ya Krismasi masista walituomba sisi mafundi tusaidie kugawa unga kule gare. Yeye alikuwa kwenye mstari, bakuli mkononi.

"Ile gauni yangu iliuzwa?" aliniuliza.

"Iliuzwa. Bamama babili balipigania."

Akacheka kwa sauti, watu wakageuka. "Na ya kwako?"

"Ya kwangu pia."

"Nilijua! Bile bifungo! Mi siwezi ile kazi."

Nikamjazia bakuli mara mbili. Binti yake mdogo alikuwa amevaa gauni la gunia la unga, limeshonwa kwa mkono. Mtoto alikuwa anakohoa, na jicho langu, hata pale, lilikwenda kwenye mshono kutafuta kosa. Halikuliona.

Nilitaka kumwambia niliyomjibu jirani. Sista akaniita, mstari ukasukumana, mwenzangu akapita.

Niliporudi siku ya tatu na mihogo, treni ilikuwa imeshawachukua. Mahali pao palikuwa na mwanamke mwingine na wanawe, nao wamefukuzwa kutoka upande wa Mutshatsha. Nikawapa wao ile mihogo. Mwaka uliofuata wateja wake wengi walikuja kwangu, na nikawapokea.