Isale ya Kwenye Simu

Admin, nifiche mimi tu. Mume wangu hata usipomficha sawa, si anasema haishi kwenye dunia hii.

Nina miaka 31, nimeolewa, tuna mtoto mmoja, tunakaa Moshi mjini. Mume wangu ni fundi simu, mwanaume mzima na ndevu zake, ila ametekwa na katuni ya Kijapani. Ole wako uiite katuni, atakununia siku nzima, inaitwa anime. Ni ya binti anayeingia kwenye mtandao mpaka haijulikani yeye halisi ni yupi, wa mwilini au wa kwenye kompyuta. Mwenzangu kaigeuza dini. Nikimwambia gesi imeisha, ananiangalia kwa huruma, eti mimi bado nimefungwa na mwili. Chakula kikiiva lakini huo mwili anaukumbuka, tena anadai nyama.

Nilivumilia. Mama yangu akafariki, tukamzika kwetu Uru, kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba. Mkwe anatakiwa asimame pale, atie udongo. Mkwe hakuonekana. Kumbe yuko sebuleni kwangu anaangalia mazishi mubashara kwenye simu, maana binamu yangu alikuwa anayarusha. Akaandika "poleni, tupo pamoja" na kupachika kaemoji ka ua. Nilipompigia akanijibu, "Nilikuwepo. Mwili ni mzigo tu, mke wangu." Na Uru ni hapo juu tu, hata usingizi haukushiki njiani.

Sikurudi mjini, nikabaki kwa baba. Baba akamwagiza alete isale. Kwa wasiojua, kwetu Wachagga aliyekosa huja na jani la isale mkononi, na likishaletwa halikataliwi hata kama ulikuwa umeapa. Nikasema hapo lazima atauleta huo mzigo wake. Jamani, akatuma picha kwenye simu ya baba. Picha ya jani. Na isale imejaa uzio mzima wa jirani yetu wa mjini, hakutoka hata kwenda kuipiga picha, kaiokota huko mtandaoni, iko kwenye chungu cha maua pembeni ya sofa la watu.

Nilicheka kwa dharau, nikajua baba ataifuta. Baba akavaa miwani, akaiangalia muda mrefu. Kisha akasema, "Isale haikataliwi, mwanangu. Sijawahi kuikataa, sitaanzia kwenye kaburi la mama yako." Ameamua Jumapili baada ya ibada nirudi kwa mume wangu.

Baba namheshimu, kumbishia siwezi. Ila kurudi kwa yule kiumbe sitaki hata kusikia. Sasa nimewaza, kama jani la kwenye simu ni jani, basi na mke wa kwenye simu ni mke. Nivae vizuri, nipigwe picha nimeshika begi, nimtumie, halafu niendelee kukamua ng'ombe wa mama. Ndugu zangu mnaosoma hapa, niambieni kabla ya Jumapili: nitume picha, au nipeleke mwili?