Uyoga Uliomwagwa Siku ya Posa

Enzi zetu kule Mufindi, mvua za kwanza zikishanyesha, hakuna mtoto aliyengoja kutumwa. Tuliingia msituni pekupeku, vikapu mkononi, tukiinama chini ya miyombo kutafuta uyoga mdogo wa njano. Mama alinifundisha: ugeuze, uone kama mikunjo yake inateremka hadi kwenye mguu, unuse, nao unukie kama tunda lililoiva. Unaofanana nao ukiota juu ya gogo bovu, uache.

Mwaka mmoja wageni walikuja kutoka Ilula kumposa dada Ester. Mama, akiwa na kuku wa kunyonyoa na moto usiotaka kuwaka, akaniambia, "Uyoga chuma na uchambue mwenyewe. Sasa unaujua." Siku hiyo nilitembea kama mwalimu mkuu.

Chakula kilipotengwa, shangazi wa mposaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, akainua uyoga mmoja kutoka kwenye bakuli.

"Huu kachambua nani?"

"Binti yangu huyu," mama akajibu.

"Haya mwanangu, umejuaje kuwa ni mzuri?"

Haki ya Mungu nilijua. Lakini wageni wote walinigeukia, nikabaki kutazama vidole vya miguu yangu. Baba akarudia swali. Nikaangua kilio.

Mama, akihofia sumu, akabeba bakuli, akaenda kulimwaga nyuma ya jiko. Kuku mmoja hakuwatosha; wageni walimalizia ugali kwa chumvi. Dada Ester akajifungia chumbani akilia kwamba nimemvunjia posa.

Baadaye shangazi yule akanikuta nyuma ya jiko. Akaokota uyoga mmoja, akaugeuza. "Mama Ester," akaita, "mbona ndio wenyewe? Tumemwaga mboga nzuri!" Mama akajifunika uso kwa kanga. Natamani angenichapa tu.

Dada aliolewa na mposaji yule yule, akazaa. Ila kila sherehe shangazi alinitafuta kwa furaha, "Yuko wapi Bibi Uyoga?" nami nikatorokea mlango wa nyuma.

Leo wajukuu wangu wanaelekeza simu kwenye uyoga na kutaja jina bila hata kuinama. Wakikosea wanacheka, wanataja lingine. Nauonea wivu ujasiri wao. Lakini msitu wetu sasa ni misonobari mitupu, uyoga ule hauoti tena, na ningetaka sana kuwaonyesha mikunjo ile, sauti yangu ikisikika, kabla sijasahau uyoga ule unavyonukia.