Mbwa wetu Meneja alivyoanguka kifafa uani, jirani akaja na panga

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni mama wa kawaida tu wa Ihembe, Karagwe. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda mninyooshee taratibu.

Humu huwa napita kusoma nyuzi za wenzangu. Leo nimejikaza niandike ya kwangu, maana nilipotafuta humu kitu kinachofanana nayo sikukipata. Au labda sikujua kutafuta.

Nitasema nilichokiona kwa macho yangu. Nisichokiona nitasema sikukiona. Na kuna watu nitawataja ambao siyo wabaya, naomba msiwashambulie kwenye comments.

Tuna mbwa anaitwa Meneja. Jina alilipata kwa sababu watu wakilima yeye anakaa kivulini anaangalia. Hajawahi kuuma mtu.

Ngoja, niwe mkweli. Aliwahi kumchana suruali fundi mmoja. Ila ngozi hakuigusa.

Sasa, Jumapili tulikuwa na ubatizo wa mjukuu. Mbuzi alichinjwa, watu wakala, wakacheza. Jumatatu wengi walishaondoka. Alibaki baba mdogo wa mume wangu, mfugaji kutoka Kyerwa, mzee wa maneno mengi na moyo mzuri. Mume wangu alikwenda Kayanga kurudisha viti na masufuria ya kukodi. Nyumbani tukawa watatu: mimi, mama mkwe na huyo mzee.

Kwa wasiopajua kwetu nieleze kidogo. Huku mgeni akifika, kabla ya chakula, anakaribishwa kwa kahawa ya kutafuna. Siyo ya kunywa. Ni buni nzima na ganda lake, inachemshwa na majani yenye harufu nzuri, inaanikwa mpaka inakauka. Tunaiita akamwani. Mgeni anatia punje mbili tatu mdomoni, ndipo maongezi yanakolea. Nyumba ikikosa akamwani, mwenye nyumba anaona aibu hata kusema karibu.

Ya kwetu ilikuwa imeisha siku ya ubatizo. Mama mkwe akachemsha nyingine, akaianika kwenye ungo juani uani, akaingia ndani kujinyoosha.

Mimi nilikuwa namenya ndizi za mchana. Nikamwona Meneja hatulii. Anazunguka nyumba, anahema ulimi nje, anakunywa maji, anazunguka tena. Nikamwambia baba mdogo, "Huyu leo ana nini?"

Akanijibu, "Ameona watu wengi jana, kichwa kimemjaa. Hata mimi kimenijaa."

Tukacheka. Nikaendelea kumenya.

Wakuu, mara nikasikia kitu kimeanguka puu.

Meneja alikuwa chini kwa ubavu. Shingo imekakamaa, macho yamegeuka, miguu yote minne inapiga hewa kama anayekimbia amelala. Povu mdomoni. Akajikojolea.

Nilipiga kelele hadi mama mkwe akatoka bila kujifunga kitenge vizuri.

Baba mdogo akasimama. "Lete samli! Samli na maziwa, tummiminie mdomoni! Hiyo ni sumu, mimi ng'ombe wangu nawatibu hivyo hivyo."

Mama mkwe akamtolea macho. "Na hao ng'ombe walikuambia wamepona, au ulikuta ngozi?"

Sikujua nani yuko sahihi. Mimi si mtaalamu. Ila niliona meno yalivyobana, nikaogopa, nikasema tusimtie kitu mdomoni kwanza.

Kelele zangu ndizo zilizomleta Baba Koku, jirani yetu wa shamba la pili. Alikuwa anakata majani ya migomba, kwa hiyo alikuja na panga mkononi. Siyo kwamba alikwenda kulitafuta. Hilo nalisema ili haki itendeke.

Alipoona povu akasimama mbali. Sauti ikabadilika.

"Mama Alinda, toka hapo. Toka! Hicho ni kichaa."

"Siyo kichaa, Baba Koku. Alichanjwa. Wewe mwenyewe ulikuwa nyuma yangu kwenye foleni ya chanjo."

"Nilikuwepo. Na mbwa wako alitaka kumla wa kwangu."

"Basi unajua kachanjwa."

"Chanjo naijua. Na povu nalijua pia. Sina ugomvi na Meneja, mama. Nina watoto wanaopita hapa kila siku."

Baba Koku alimzika mpwa wake aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Nilikwenda kwenye ule msiba. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia acha woga.

Wakati tunabishana Meneja akalegea. Akabaki anahema, macho wazi, haoni. Akatapika.

Nikampigia simu bwana mifugo wa kata, nikaweka sauti ya nje ili Baba Koku asikie na yeye, asije akadhani natengeneza maneno. Bwana mifugo alikuwa Bugene. Akasema anapanda pikipiki anakuja. Akasema tusimshike mdomoni, tusimmiminie chochote, tumtoe juani, tumfungie peke yake. Na asiyekuwa na kazi pale akae mbali.

Baba mdogo akanong'ona, "Hata samli kidogo?"

Bwana mifugo alimsikia. "Mzee shikamoo. Hata samli. Itaingia kwenye mapafu, utamuua kwa upendo."

Basi tukamsukuma Meneja juu ya gunia kwa mpini wa jembe, tukaliburuta hadi banda la mbuzi. Lilikuwa tupu, mwenyewe tulimla Jumapili.

Baba Koku akaniambia, "Tukubaliane. Mimi nakaa hapa mlangoni. Akilala, simgusi. Akiinuka na kukimbilia watu, usinishike mkono."

Nikasema sawa.

Ilikuwa vigumu kulitamka hilo neno, lakini lilikuwa la haki. Mtu alikuja kulinda watoto wake akakubali kungoja. Ni wangapi wangengoja?

Tukakaa pale. Meneja akaanguka tena, mle mle bandani, vibaya kuliko mara ya kwanza. Kichwa kinagonga chini. Nikavua kanga ya mabegani nikaisogeza kwa fimbo mpaka chini ya kichwa chake.

Hapa nitasema ukweli ambao sijamwambia hata mume wangu. Nilimgeukia Baba Koku nikafungua mdomo nimwambie amalize. Niliona namtesa mnyama kwa sababu ya ubishi wangu. Mimi ni mtu wa kujiuliza sana, hata chumvi nikitia kwenye mboga najiuliza kama nimetia.

Baba Koku hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia mbwa. Akasema taratibu, "Bwana mifugo hajafika. Tulisema tungoje."

Nikafunga mdomo.

Pikipiki ikafika. Bwana mifugo akavaa glavu, akachungulia kwanza kwa mbali, akauliza kuhusu chanjo, kama ameuma mtu, kama kuna mbwa mgeni aliyepigana naye. Halafu akauliza, "Amekula nini?"

Kila mtu akawa na lake. Baba mdogo akasema sumu ya panya. Baba Koku akasema huenda mzoga. Mimi nikasema sijui, ila ametapika pale uani.

Tukaenda kuangalia. Yalikuwa matapishi meusi, na ndani yake maganda maganda. Harufu ya yale majani mazuri ikanijia puani, nikasimama.

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Akaenda kwenye ungo wake, akauinua, akaugeuza juu chini.

Haukuwa na kitu. Punje chache tu zilikuwa zimesambaa kwenye majani.

"Nilisikia ungo ukiguswa, nikajua ni kuku," akasema.

"Mama, kuku wanakula akamwani?"

"Ndiyo nashangaa."

Ndipo tukakumbuka. Ule ungo ndio uliobeba nyama ya mbuzi Jumapili. Ulifutwa tu haraka haraka kwenye pilikapilika za wageni, mafuta yakabaki kwenye ukindu. Kahawa ya moto ikamwagwa juu yake, jua likawaka, mafuta yakaingia kwenye buni. Kwa Meneja ile haikuwa kahawa. Ilikuwa nyama ya punje punje.

Na alikuwa ameila yote. Kahawa ya kukaribisha ukoo mzima.

Bwana mifugo alimchoma sindano ya kumtuliza, akamtundika dripu kwenye nguzo ya banda. Meneja akalala, miguu ikaacha kutetemeka.

Nilimuuliza, "Kwa hiyo ni kahawa, siyo kichaa?"

Akasema, "Kahawa nyingi hivyo inaweza kabisa kumwangusha mbwa. Mimi naamini ni hiyo. Lakini sina kipimo cha kuapa nacho, kwa hiyo mtamfungia hapa hapa, mtamlisha kwa mbali, mpaka nije nimruhusu. Na wote mliosogea hapo, maji na sabuni, sasa hivi."

Baba Koku aliitikia kwa kichwa. Baba mdogo akanawa hadi kwenye viwiko. Mama mkwe akanawa huku anasema peke yake, "Mimi mgeni wangu huwa anachukua punje tatu. Huyu kachukua ungo."

Baba mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Na mama mkwe naye akacheka, nikashukuru, maana nilikuwa naogopa ataona tunamlaumu. Hakuna wa kumlaumu. Ungo tulishika wote siku ile, na hakuna kati yetu aliyewahi kusikia mbwa amekula akamwani.

Asubuhi yake nilikwenda bandani natembea kwa kunyata. Nilijiandaa kumkuta amekauka.

Wakuu, alikuwa amesimama! Miguu inacheza kidogo kama mlevi wa lubisi, pombe yetu ya ndizi, lakini amesimama, na mkia unapiga ukuta. Nililia pale pale kama mtoto.

Hakuanguka tena. Alifungiwa kama tulivyoagizwa, akala, akanenepa, akawa anabweka kudai haki zake. Baba Koku alikuwa akipita kila siku anachungulia. Mwanzoni nilidhani anakagua kwa hofu. Baadaye nikamkuta anamrushia kiazi.

Siku bwana mifugo alipomruhusu, Baba Koku aliomba yeye ndiye afungue mlango. Alikuja na watoto wake wote. Panga aliliacha kwake.

Meneja alitoka. Alinipita mimi niliyemlilia. Alimpita mama mkwe. Akaenda moja kwa moja kwa Baba Koku, akasimama mbele yake, akaanza kumnusa mikono, wa kushoto, wa kulia.

Baba Koku akainama. "Haya mzee," akamwambia, "shikamoo."

Mama mkwe alipiga kigelegele, watoto wakakipokea, na mbwa akatimua mbio kuzunguka migomba na wale watoto nyuma yake, wale wale waliokuwa wanaogopewa wataumwa. Sijawahi kufurahi hivyo uani kwangu, hata siku ya ubatizo. Mungu anisamehe.

Nilichojifunza, kama nimejifunza sawasawa: mnyama akianguka, ukishaita mtaalamu angalia alichokula na alichotapika kabla hamjaanza kuhukumu. Chanjo ya kichaa usiikose, maana bila ile foleni nisingekuwa na neno hata moja la kumwambia jirani. Na jirani mwenye panga msikilizeni kwanza. Siku ile mimi ndiye niliyekaribia kukata tamaa, na mwenye panga ndiye aliyesema tungoje.

Sasa nawaachia ninyi. Kuna mwenzangu yeyote, hasa wa Kagera, aliyewahi kuona mbwa ameangushwa na kahawa? Wenye utaalamu wa mifugo, nikosoeni nilipokosea, sitanuna.

Na kama kuna anayejua namna ya kutoa mafuta ya mbuzi kwenye ungo wa ukindu, aseme, mama mkwe amekaa hapa pembeni anasubiri majibu.