Mwero Aandikwa Uaskari

Watu wa Tiwi wana sifa nyingi, na asiyezijua kosa ni lake. Makuti yaliyoezekwa kwenye mahoteli ya Diani, yale Wazungu wanayoyapiga picha na kuulizana yametoka wapi, yameshonwa Tiwi. Nazi yenye tui zito, Tiwi. Wasichana, tusiseme, huenda wazee wakasoma. Lakini mbio si sifa ya Tiwi. Ukimwona mtu wa Tiwi anakimbia, kimbia na wewe, maana nyuki wako nyuma yake.

Ndiyo sababu Mwero wa Shutu alipofika wa kumi na moja kati ya vijana mia tatu na ushei, uwanjani Kwale, mwezi wa pili mwaka wa tisini na tisa, aligeuka kutazama nyuma asije akawa amekata njia bila kujua. Hakukata. Alikuwa mtu wa miguu mirefu na mwili mchache, miguu aliyokuwa akichekwa nayo tangu chuo cha Kurani, na siku hiyo ilimfaa.

Alitaka uaskari wa utawala, wale wanaokaa na chifu, ambao watu huwaita askari kanga lakini kwa sauti ya chini na wakiwa mbali. Hii ilikuwa mara yake ya tatu. Mara ya kwanza walimrudisha kwa jino. Mara ya pili kichomi kilimkamata mzunguko wa tatu, akaketi katikati ya uwanja kama aliyekuja kwenye karamu. Kabla ya hapo alikuwa mlinzi wa hoteli Diani, mpaka zilipotokea fujo za Likoni, wageni wakakatika, na hoteli ikatiwa kufuli. Tangu hapo alikuwa akimbebea mamake makuti. Na mwakani angekuwa amepita umri. Kwa hivyo ilikuwa ni leo, au abebe makuti mpaka azeeke.

Mamake, Mejumaa binti Mwinga, alikuwa kitandani mwezi wa pili sasa, miguu imevimba. Alfajiri ile Mwero alipokwenda kumuaga, alimwambia, "Nenda. Na usinirudie na hadithi."

Sasa kuna jambo la namba. Mwaka wa nyuma yake vijana waliandikwa namba mkononi kwa kalamu ya wino. Basi kijana mmoja wa upande wa Kinango akakimbia akashinda, na saa ya kuchukua barua akaja binamu yake, mnene kama pipa, na namba ileile mkononi na jina lilelile mdomoni, akitweta kwa kushuka gari tu. Maafisa wakaapa halitatokea tena. Safari hii walikuja na mkebe wa rangi ya mafuta, nyekundu, ya kupaka milango ya maduka. Aliyepita mbio alinyoosha mkono wa kulia akachorwa kwa brashi, baina ya kiwiko na kiganja. Mwero alipata sitini na tatu.

"Sikizeni nyinyi," alisema afande Jacktone, mtu wa bara, kifua mbele, sauti kama ngoma. "Majina yanasomwa saa kumi kamili. Mtu akikuja hapa hana namba, ama namba imeharibika, hata kama amepita kila kitu, arudi kwao achunge mbuzi. Sijui ulioga, sijui ulianguka, mimi sitaki kujua."

"Na kama kwetu hakuna mbuzi, afande?" kijana mmoja akauliza.

"Utachunga za jirani!"

Wakacheka wote. Mwero pia alifungua mdomo, lakini kicheko hakikutoka. Wakapimwa vifua, wakahesabiwa meno kama punda mnadani, na kufikia saa sita maafisa wakaenda kula. Mwero akaketi kivulini akiushika ule mkono mbali na mwili, kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi wa mwenyewe.

Saa saba pikapu ya makuti ya jirani yao ikaingia uwanjani, na nyuma ya usukani alikuwa mjomba wake Waziri, mdogo wake Mejumaa. Huyu Waziri ni mtu anayezungumza hata akipiga mswaki. Siku hiyo alishuka kimya, akaja taratibu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umepita?"

"Mbio nimepita. Majina ni saa kumi."

Waziri akaupiga gurudumu teke, kidogo tu, kama anayepima upepo. "Mamako ametutangulia, Mwero. Saa tatu hii ya asubuhi. Tunamzika saa nane."

Mwero akaitazama pikapu. Taa moja ya mbele ilikuwa imefungwa kwa waya.

"Saa nane," akasema.

"Saa nane."

"Kutoka saa nane mpaka saa kumi ni saa mbili."

Waziri akamtazama usoni muda mrefu. "Ndiyo, baba," akasema. "Ni saa mbili. Panda."

Njia ya kuteremkia Kombani Mwero alisoma kila kibao kilichopita: duka, kinyozi, duka, mbao. Alingoja machozi kama unavyomngoja mgeni aliyesema atakuja. Mgeni hakuja. Mkono wa kulia aliupitisha mbele ya kifua akautoa dirishani, upepo uzidi kuikausha ile rangi, kwa sababu jua lilikuwa kali na jasho lilikuwa limeanza kuilainisha pembeni.

Nyumbani walikuta vilio. Dada yake Twaiba akamrukia shingoni, naye akaunyanyua mkono wa kulia juu kabisa usiguswe. Wazee waliokuwa mkekani walidhani anamwonyesha Mungu. "Mtoto ana imani huyu," mmoja akasema.

Mambo yaliharibikia kwenye birika la msikiti. Jeneza lilikwisha letwa, watu wanatia udhu, na Mwero akapandisha mkono wa shati. Ustadh Luqman, imamu wao, mtu mpole asiyepaza sauti hata akiadhini, akamshika mkono.

"Nini hiki, Mwero?"

"Namba, ustadh. Ya uaskari."

"Wino?"

"Rangi ya mafuta."

Ustadh akaikwaruza kwa ukucha. "Hii ina gamba. Maji hayafiki kwenye ngozi. Udhu haushiki namna hii."

"Kwani mafundi rangi wa Diani hawaswali?" mzee mmoja akadakia.

"Hujisugua kwanza."

"Wengine hawajisugui, mimi nimewaona."

"Basi hao wana kesi yao."

Waziri akaingia kati. "Mafuta ya taa yako dukani hapo, dakika mbili tu. Tuitoe."

"Nikiitoa nimetoka, mjomba," Mwero akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeulizwa bei ya sukari. "Wamesema asiye na namba arudi kwao. Na mwakani nimepita umri."

"N'takuchora nyingine! Mimi si ndiye niliyekiandika kile kibao cha mkahawa pale Ukunda? Watu hushuka kwenye gari kukisoma na wameshiba. Sitini na tatu itanishinda?"

"Una rangi nyekundu?"

Waziri akafikiri. "Iko ya buluu."

"Waziri," Ustadh Luqman akasema, "leo, jamani." Kisha akamgeukia Mwero, na mkono wake alikuwa bado ameushika. "Sikiza, mwanangu. Swala hii wakiisimamisha wengine imesimama, huna dhambi. Ila wewe ndiwe mwanawe. Sikulazimishi, wala sikuruhusu kitu ambacho si changu. Chagua, na maiti hangoji."

Maji yakawa yanatiririka peke yake. Mwero alijaribu kupima. Upande huu mamake amelala pale chini ya kanga ya kijani, upande huu barua ya serikali. Aliweka mambo yote mawili mbele yake na hakuna lililokuwa na uzito. Kama ndoo mbili tupu.

"Swalini," akasema.

Akatoka, akaenda kusimama mlangoni, mahali pa viatu. Miaka mitatu alikuwa mlinzi Diani, na siku ya kumswalia mamake alikuwa mlinzi wa ndara. Alivijua vyote: vya mjomba, vilivyotobolewa kwa ajili ya kidole kibovu, vya ustadh, vilivyopangwa sawasawa. Ndani aliisikia takbira ya kwanza. Ya pili. Midomo yake ilitaka kufuata, akaikaza. Ya tatu, ya nne, salamu. Swala ya maiti ni fupi, haina rukuu wala sijida, na mtu akikohoa kidogo imempita.

Kaburini walimwita, kwa sababu kuingia shimoni hakudai udhu, na mwanamke hupokelewa na maharimu zake, wana na ndugu. Wakatandaza shuka juu, yeye na Waziri wakashuka chini. Kulikuwa na joto na harufu ya udongo mbichi. Jeneza likasogezwa, mwili ukateremshwa, Mwero akaupokea upande wa kichwa. Ulikuwa mwepesi kuliko mzigo wa makuti. Wakamlaza mwanandani, kile kishimo cha ubavuni mwa kaburi, wakamwelekeza kibla, na Mwero alipovuta mkono wake akaona sanda imeshika alama nyekundu, ndogo, kama ya kidole.

Rangi ilikuwa imelainika kwa jasho. Na huyu mtoto wa Mejumaa, neno la kweli lisemwe, hakuitazama sanda mara ya pili. Alitazama namba. Ile tatu ilikuwa imeparuzika mkia, lakini ilisomeka. Akashusha pumzi.

Waziri aliona. Shimoni mle, mabega yamebanana, mjomba aliona yote mawili, alama na ile pumzi. Alichukua udongo akaufinyanga donge, akauweka pale penye alama, na juu wakaanza kupitisha mbao.

Talakini, kisomo cha juu ya kaburi, ilipokwisha ilikuwa saa tisa na robo. Watu wanashikana mikono, pole, pole, Mola amlaze pema, na Mwero alikuwa akitoa mkono wa kushoto, jambo ambalo siku nyingine lingemletea kofi. Pikapu ikapanda kilima cha Kwale ikilia kama ng'ombe. Wakafika saa kumi kasoro dakika tano, na Waziri akabaki ndani ya gari, mikono juu ya usukani.

Afande Jacktone alikuwa amekaa nyuma ya meza iliyotolewa ofisini, daftari mbele yake. Akaanza kuita. Jina, si namba. Aliyeitwa alikwenda, akatoa kitambulisho, akatia sahihi, akapewa barua. Mwero alihesabu watu kumi na wanne, na hakuna aliyegeuzwa mkono. Mmoja alikuwa amevaa sweta la mikono mirefu.

"Mwero Shutu!"

Akaenda. Akaunyoosha mkono wa kulia mezani.

"Mkono wa nini? Leta kitambulisho."

"Namba, afande."

"Namba ya nini? Nimeita jina, umekuja, basi. Weka sahihi hapa." Afande aliinua macho mara moja, akamkagua kutoka juu mpaka chini. "Na hiyo miguu mbona imejaa udongo? Wewe sasa ni mtu wa serikali. Enda uoshe."

"Ndiyo, afande."

Alikwenda bombani akaosha miguu, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto, kwa sababu ameambiwa. Barua aliishika kwa meno isilowe. Vijana wengine walikuwa wanabebana mabegani na kuimba. Mmoja alimpiga mgongoni akasema, "Tumeingia, ndugu yangu!" naye akaitika kuwa ndiyo, tumeingia.

Garini Waziri aliisoma barua, au aliishika kama anayesoma, macho yake na herufi ndogo ni maadui wa siku nyingi. "Mafunzo Nairobi," akasema. "Tarehe kumi na tano." Akairudisha. Walipofika Kombani ndipo aliposema tena. "Dada yangu angefurahi." Na baada ya mwendo kidogo, "Angekutukana kwanza."

Nyumbani wanaume walikuwa mkekani nje, wanawake ndani, na sufuria kubwa za jirani zinapikiwa uani. Twaiba alimkuta kakake ameketi nyuma ya nyumba, juu ya makuti ambayo mama alikuwa hajayamaliza kushona, sindano bado imechomekwa. Alikwenda jikoni akarudi na kitambaa na kikombe cha mafuta ya taa, akaketi mbele yake, akaulaza ule mkono kwenye paja lake.

"Umepata?"

"Nimepata."

Akachovya, akasugua. Rangi ikaanza kutoka, ikateleza nyekundu kwenye kitambaa, na harufu ikawaingia machoni wote wawili. Ya Twaiba yalitoa maji. Ya Mwero yalifumba tu.

"Na hii," Twaiba akauliza, "waliitazama vizuri? Maana ilikuwa imeharibika hapa."

Mwero angeweza kusema ndiyo. Ni neno dogo. Mtu angemsamehe, na dada yake angelala.

"Hawakuitazama," akasema. "Walisoma majina."

Mkono wa Twaiba ukasimama. Kutoka uani mtu aliomba chumvi, mwengine akamwambia iko palepale penye macho yake. Twaiba akachovya tena kitambaa, akaendelea. Sita ikatoka. Tatu ikatoka. Ngozi ya chini ilikuwa safi, imepauka, kama ya mtoto, naye akazidi kusugua palepale, kwa nguvu.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Ikiuma sema."

"Haiumi, Twaiba."

Ustadh Luqman akaadhini magharibi, kwa ile sauti yake ya chini ambayo ni lazima unyamaze ndiyo uisikie. Twaiba akakitupa kitambaa kando.

"Haya, nenda ukatie udhu," akasema, lakini mkono hakuuachia.