Mgeni Aliyeingia Kinyumenyume

Iko siku moja ya mavuno ambayo hata nikiwa katikati ya kucheka, nikiikumbuka kicheko kinakatika. Kaa nikusimulie, mwanangu. Najua, mimi nipo kidato cha nne na ndevu zangu bado zinahesabika, lakini wewe ndio kwanza unaanza darasa la kipaimara, na mwezi ujao wageni wetu wa Ujerumani wanakuja tena. Mchungaji ameshatangaza kwamba kila mgeni atapewa kijana wa kutembea naye. Huenda ukapewa mmoja. Mimi nilipewa, mwaka juzi.

Usharika wetu wa hapa Ifakara na usharika wao ni ndugu wa miaka mingi. Wao huja, watu wetu huenda, na kila anayefika hupewa kazi ya mikono pamoja na wenyeji. Mwaka huo walikuja sita. Wangu alikuwa Babu Klaus, seremala mstaafu, mrefu kama mlingoti wa bendera ya shule, na mfukoni ana kidaftari cha kijani. Akila kambale, anaandika. Akisikia shikamoo, anaandika. Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vinachechemea, kwa hiyo tulitembea vizuri tu.

Siku ya kwanza tulikaa dukani kwa Mzee Salum tukinywa soda. Babu Klaus akaniuliza: nikiingia nyumbani kwa mtu mzima, nifanyeje nisije nikakosea? Swali la mtu mwenye adabu. Nami, wenzangu wawili wakiwa pembeni wananisubiri nichekeshe, nikamjibu kwa uso mkavu, "Huku kwetu, kwa mtu mzima unaingia kinyumenyume. Ukitanguliza uso, umemdharau."

Akaandika. Tena akapiga mstari chini yake.

Wenzangu nusura soda iwatoke puani. Mzee Salum, ambaye Kiingereza anakijua kuliko tunavyodhani, aliacha kupima sukari akaniambia, "We kijana, mtoe huyo mtu hapo ulipomweka."

"Nitamtoa, mzee."

Sikumtoa. Watu walikuwa wameshacheka, mimi nikasahau.

Siku ya nne tukaenda kijiji cha Namawala kumpa pole Bibi Eliza. Mumewe, Mzee Yohana, alikuwa amefariki wiki tatu kabla, mpunga umeiva na hakuna wa kuukata. Mpango ulikuwa tutoe pole, kisha kesho yake wageni na wenyeji tushike mundu, tumkatie shamba lake kabla ndege aina ya kwelea hawajalimaliza. Nilichokuwa sijui, kwa kuwa sikuwahi kuuliza, ni kwamba Mzee Yohana aliwahi kwenda Ujerumani, akalala nyumbani kwa Babu Klaus mwezi mzima, wakatengeneza pamoja mabenchi ya kanisa la kule. Babu Klaus alikuwa anakuja kumwona rafiki yake. Habari ya msiba ilimfikia tiketi akiwa nayo mkononi.

Tukapiga hodi. Bibi Eliza alikuwa mkekani, kanga imemfunika mabega, akina mama wa jumuiya wamemzunguka. Mchungaji akaingia kama watu wanavyoingia. Babu Klaus akavua kofia. Akafungua kidaftari, akasoma, akakifunga. Kisha akageuka.

Mimi nilikuwa nyuma yake, kwa hiyo alipogeuka tukatazamana uso kwa uso. Macho yake yalikuwa mekundu. Akanitikisia kichwa kidogo, kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu kwamba somo halijapotea, akaanza kurudi nyuma kuelekea ndani. Neno moja tu lingemzuia, mwanangu. Moja. Mdomo huu unaoandikwa kila wiki kwenye orodha ya wapiga kelele ulikauka kama udongo wa kiangazi.

Kwetu, kumpa mfiwa mgongo ni kumwambia msiba wake haukuhusu.

"Ehe! Huyu naye vipi?" mama mmoja akaguna.

"Kamgeuzia mgongo mfiwa, jamani!"

Bibi Eliza hakumtazama Babu Klaus. Alinitazama mimi pale mlangoni, na nadhani uso wangu ulishakiri kila kitu. Akashika ukuta, akainuka taratibu na yale magoti yake mabovu, akageuka, naye akampa mgongo. Akarudi hatua moja, akarudi ya pili, mpaka kisogo chake kikagusa mgongo wa yule mzee mrefu.

"Karibu, baba," akasema. "Yohana alinisimulia habari zako." Kisha akawaambia akina mama, "Mgeni wangu ameingia kwa heshima. Asicheke mtu."

Wakasimama hivyo, wameegemeana, kila mmoja akilia upande wake. Hakuna aliyecheka.

Baada ya chai aliniita uani.

"Ni wewe uliyemfundisha?"

"Ndiyo, Bibi. Nilikuwa natania."

"Najua. Hata mimi utani naupenda, muulize yeyote. Lakini mjukuu wangu, yule mtu kamwona mchungaji anaingia uso mbele. Kaona kwa macho yake. Bado akashika neno lako, akayaacha macho yake. Unafikiri utakutana na wangapi wa kukuamini hivyo?"

Nikaangalia vidole vya miguu yangu.

"Utamwambia wewe mwenyewe. Si mchungaji. Na umwambie kabla hajarudi kwao kuwafundisha wenzake."

Nilimwambia kesho yake, tumeinama kwenye mpunga. Nilianza mara tatu, mara mbili nikaishia kusema jua kali. Ya tatu nikasema yote. Babu Klaus akasimama wima, mundu mkononi, akaniuliza jambo moja tu: "Bibi alijua?"

"Alijua."

Akaketi kwenye tuta la jaruba, akafunika uso kwa kofia. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru. Aliinuka akaendelea kukata, nami nikakata kando yake mpaka kazi ikaisha, wala sikuthubutu kuhama mstari.

Tulipomaliza alinawa mikono, akanishika mkono. "Twende," akasema. "Jana niliingia bila kumwona uso."

Tukaingia kwa Bibi Eliza, wote wawili, uso mbele. Akamtazama, akanitazama. "Haya," akasema. "Sasa mmefika."

Basi mwanangu, sikia. Mgeni akikuuliza desturi za kwetu, amekupa heshima yake uibebe. Ukimdanganya, hataaibika dukani mbele ya wenzako. Ataaibika mbele ya mfiwa, baada ya kusafiri mbali kuja kulia naye. Utani upo mwingi: mtanie anavyoshika mundu kama penseli, mtanie anavyopigana na mbu, acheke na yeye. Lakini akiuliza afanyeje, mwambie kweli. Kama hujui, sema hujui, mkamuulize mama yako. Na ukikosea, mrudie mapema, neno likiwa bado dukani, halijafika msibani. Undugu wa sharika hizi umebebwa na watu waliolala nyumba moja na kukata mpunga wa mfiwa. Mimi nilikaribia kuuangusha kwa sentensi moja ya Kiingereza kibovu.

Babu Klaus yumo kwenye orodha ya mwezi ujao. Kijana wake bado hajatajwa. Naomba niwe mimi, lakini sidai.

Mungu akutunzie ulimi wako, mwanangu, na utani wake wote. Akupe watu wa kukuamini, akupe na kustahili. Kila mlango utakaoubishia hodi ufunguliwe, na atakayekuja kwenu akuone uso. Amina.