Mwanahisa wa Safu ya Tatu

Kuna watu wakiingia ukumbini huwaoni, na kuna wengine wakiingia hata mwenyekiti wa bodi anajikohoza na kunyoosha tai. Mama Swali alikuwa wa kundi la pili, ingawa hakuwa na cheo wala gari, na hisa zake kwenye kampuni zilikuwa chache kiasi kwamba zingepotea, hakuna ambaye angezitafuta. Kwenye mkutano wa kila mwaka wa wenye hisa alikaa safu ya tatu kutoka mbele, kiti cha pembeni, mkoba miguuni. Safu ya kwanza ni ya wakubwa, alisema, na ya pili ni ya wanaojipendekeza kwa wakubwa.

Alikuwa mfumaji. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kwenye kiwanda cha mablanketi, katika ule ukumbi mrefu wa mashine ambamo kelele ilikuwa kubwa hata watu wakazoea kuongea kwa midomo na vidole. Mashine ya jirani yake iliendeshwa na mwanamke mwembamba, mcheshi, ambaye yeye alimwita Pacha, naye akaitwa Pacha vilevile. Mmoja alikuwa mrefu wa kugusa taa na mwingine mfupi wa kupanda kigoda, kwa hiyo jina lilimchekesha kila aliyelisikia. Wao hawakujali. Uzi wa mmoja ukikatika, mwingine alikuwa ameshafika.

Miaka hiyo ndipo kampuni ilipoingia soko la hisa. Wafanyakazi walikusanywa uani wakaambiwa kila mmoja atapewa hisa kidogo, na kwamba kuanzia siku hiyo wao pia ni wenye kampuni. Watu wakapiga makofi, kisha wakaanza kuulizana pembeni hisa ni nini. Wengi walizipeleka kwa dalali wiki hiyohiyo wakaziuza, mtaa ukajaa redio mpya na baiskeli. Yeye alizishika zake, na Pacha akazishika zake kwa sababu mwenzake ameshika.

Haikuwa hekima, tusidanganyane. Alikuwa amepiga hesabu kichwani akaamua kwamba hisa zile ndiyo ile mashine anayofumia, na kwamba sasa ni mali yake. Akaanza kuifuta kwa kitambaa alichotoka nacho nyumbani. Akawa anawahi kazini ili aitie mafuta mwenyewe. Fundi akiiegemea anafukuzwa kama kuku jikoni. Halafu asubuhi moja akakuta imehamishiwa ukumbi mwingine, na pale ilipokuwa pamebaki alama za mafuta sakafuni.

Alipanda ngazi hadi ofisi ya uhasibu, nyuzi bado zimemjaa kichwani.

"Mmehamisha mali yangu bila kunitaarifu," alimwambia mhasibu mkuu.

"Mali gani, mama?"

"Mashine yangu. Ya hisa zangu."

Mhasibu alicheka mpaka akavua miwani. Lakini alikuwa mtu muungwana, na alipomaliza kucheka alimvutia kiti. Akamweleza kwamba hisa si kipande cha chuma. Ni kipande kidogo cha kila kitu kwa pamoja: mashine zote, mablanketi yaliyo ghalani, jina la kampuni, na deni la benki nalo limo humohumo.

"Hata hii chai ninayokunywa ni yako kidogo," alisema kwa utani.

"Hata chai?"

"Hata chai."

"Basi punguza sukari, baba. Unatumaliza."

Urafiki wao ukaanzia hapo. Jioni nyingi baada ya zamu alipitia ofisi ile, na mhasibu akamfundisha kusoma ripoti ya mwaka kwa kuanzia nyuma, kwenye maelezo ya herufi ndogo, kwa sababu mbele huwa ni picha za wakurugenzi wakitabasamu. Alijifunza kwamba blanketi likiuzwa kwa mkopo, faida inaandikwa leo lakini pesa bado iko mfukoni mwa mnunuzi. Alijifunza kwamba gawio, ile sehemu ya faida wanayopewa wenye hisa, lisipolipwa si lazima uwe umeibiwa. Huenda kampuni inanunua mashine mpya. Kilichompendeza zaidi ni kujua kwamba bei ya hisa sokoni ni mawazo ya watu ya siku hiyo tu, na mawazo ya watu, kama ajuavyo kila aliyewahi kukaa na mashemeji, hubadilika kabla ya chakula cha mchana.

Mkutano mkuu wa kwanza baada ya hapo alisimama. Akauliza, "Mmesema tumepata faida. Sasa hiyo pesa yenyewe iko wapi?" Mwenyekiti akajibu vizuri tu kwamba iko kwa wateja na inafuatiliwa, lakini ukumbi mzima ulishalipuka kwa makofi, na jina la Mama Swali likazaliwa siku hiyo. Kuanzia hapo hakukosa mwaka. Si kwamba maswali yote yalikuwa ya maana. Mwaka mmoja alichanganya akiba ya kwenye vitabu na pesa taslimu, mkurugenzi wa fedha akamsahihisha kwa upole, naye akacheka kuliko wote. Mwaka mwingine aliuliza kwa nini boksi la chakula linapungua wakati mauzo yanapanda.

Siku hizo za mkutano, jamani! Wastaafu wa kiwandani walikuja kutoka pande zote, wamepiga pasi mpaka nguo zinasimama zenyewe. Walipewa boksi la chakula na mwavuli wenye nembo ya kampuni, na wapo waliokuwa na miavuli ya kutosha kufungua duka. Waliulizana habari za waliougua na waliotangulia. Yeye na Pacha waliketi bega kwa bega, na mkurugenzi akirefusha hotuba, waliteta kwa midomo na vidole, lugha yao ya kiwandani, bila sauti, mpaka Pacha anashindwa kujizuia na kuangua kicheko katikati ya takwimu. Kwa mwanamke aliyefiwa na mume, aliyestaafu, na ambaye watoto wake wana maisha yao, ile ndiyo ilikuwa siku pekee ya mwaka iliyomrudisha kuwa mtu wa kazi.

Bintiye, mwalimu wa sekondari, hakuyaelewa hayo. "Mama, hisa zenyewe bei haisogei. Ungeuza ukanunua hati fungani za serikali, ungekuwa unalala tu, riba inaingia."

"Mbona kulala nalala," alijibu.

Kisha ikaja ile barua. Kampuni nyingine kubwa ilitaka kununua hisa zote, kwa bei ya juu sana kuliko ya sokoni, na baada ya hapo kampuni yao ya mablanketi ingeondolewa kwenye soko la hisa. Sharti lilikuwa moja: wakubali wenye hisa tisa katika kila kumi, la sivyo ofa inafutwa na kila mtu abaki na zake. Matajiri walishakubali. Kilichobaki kukamilisha hesabu ni zile hisa za wafanyakazi wa zamani, chache kwa kila mmoja lakini nyingi kwa pamoja. Na wazee wale wote, ukiwauliza, walikuwa na jibu moja: tunamsubiri Mama Swali.

Yeye alishaamua kukataa. Alikuwa na hoja zake: bei ni nzuri leo lakini kiwanda kina mashine mpya, faida ya kesho itakwenda kwa wengine. Hoja hazikuwa mbaya. Ila hazikuwa ndizo zinazomkosesha usingizi. Kampuni ikiondoka sokoni hakuna tena mkutano wa kila mwaka, hakuna safu ya tatu, na hilo lilimwogopesha kuliko alivyotaka kukiri.

Akaenda kwa Pacha wapange. Walikuwa hawajaonana tangu mkutano uliopita. Pacha alimpokea akiwa amekaa, jambo ambalo si kawaida yake.

"Pacha wangu! Karibu, karibu. Umezidi kuwa mfupi au ni macho yangu?"

"Ni wewe umekaa. Simama nikuone."

"Acha zako, nikisimama utaumia shingo."

Mama Swali akamweleza habari ya kukataa. Pacha alisikiliza yote, akitikisa kichwa kukubali. "Utakavyosema wewe, mimi nipo hapohapo," alisema. "Tangu lini tukatofautiana?" Kisha akataka kuchemsha chai, akakataa kusaidiwa. Alishika mkono wa kiti, akashika ukingo wa meza, akashika ukuta, na kati ya kimoja na kingine alisimama na kuvuta pumzi huku akiimba kidogo, ili ionekane amesimama kwa ajili ya kuimba. Mwenzake alitazama dirishani. Hakujua atazame wapi kwingine.

Wakati wa kuondoka, mkwe wa Pacha alimsindikiza hadi barabarani.

"Mama mkubwa, ametukataza tusikwambie," alisema akiwa ameinamisha macho. "Ni nyonga. Daktari anasema lazima iwekwe ya bandia, akichelewa atalala kitandani moja kwa moja. Tumejikusanya ndugu wote, haifiki. Ile ofa ya hisa ingetosha. Lakini anasema yeye hawezi kukuacha peke yako."

Mama Swali alimshukuru, akatembea hadi nyumbani kwa miguu ingawa ni mbali. Njia nzima alijigombeza kwa sauti, na watu wakampisha. Alikuwa mtu wa kuulizia pesa ya kampuni nzima iko wapi, na hakuwahi kumuuliza Pacha hali yake hasa ikoje. Alilia kidogo, akajifuta, akaendelea kutembea.

Siku ya mkutano maalumu ukumbi ulijaa. Pacha aliletwa na mkwe wake, akaketi mahali pake safu ya tatu, amejipamba na kuchekacheka. Wazee waligeuza shingo. Mwenyekiti alieleza ofa, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeona mvua inakuja, "Nadhani kuna swali."

Mama Swali alisimama. Akatazama ukumbi wote taratibu, kama anayetaka kuubeba.

"Swali langu ni moja, mwenyekiti. Tukikubali leo, pesa italipwa lini? Maana kuna watu hapa hawawezi kusubiri."

Mwenyekiti, ambaye alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho, alipekua karatasi zake akasema mwezi haungeisha kabla ya watu kulipwa. "Basi mimi nakubali," alisema Mama Swali, akaketi. Wazee wakaanza kutikisa vichwa kukubali, mmoja baada ya mwingine, na ilipopigwa kura, hesabu ilitimia na kuzidi.

Watu walipoanza kutoka, Pacha hakuinuka. Alikuwa amekunja mikono mapajani, ametazama mbele.

"Nani kakwambia?" aliuliza.

"Hakuna. Nimepiga hesabu mwenyewe."

"Muongo. Hesabu hujui, unajua kuuliza tu." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Ulikuwa unaupenda mkutano huu kuliko kanisa na msikiti kwa pamoja. Sasa mwaka kesho tutakutana wapi, Pacha?"

Mama Swali alimshika mkono, ule mkono mrefu wenye makovu ya nyuzi.

"Kwangu," alisema. "Na utakuja kwa miguu yako."