Mazuku Ana Mikono Mifupi

Nilipokuwa mtoto nilifundishwa njia mbili za kutokufa, na zilipingana. Ya kwanza ilitoka kwa mama, ya pili kwa Koko, yaani mama ya baba yangu. Zilikutana asubuhi moja tu, juu ya kilima cha Lac Vert, mimi nikiwa katikati ya njia hizo. Leo miguu ikiniuma kwa kusimama jikoni, huwa nawakumbuka wote wawili.

Mama alikuwa mtu wa Masisi, wa vilima na ng'ombe. Huko vita vilikuja na kuondoka bila kupiga hodi, na kila mama alikuwa na somo lake kwa watoto. La kwetu lilikuwa hivi: ukisikia masasi ya bunduki, kimbilia bondeni, tafuta majani marefu, lala kifudifudi, funga mdomo. Tulilifanyia mazoezi tukitoka shambani. Mama anapiga makofi, mimi najitupa chini pamoja na kijembe changu. Nilikuwa hodari, sitanii. Mama alisema anayebaki amesimama ndiye anayeonekana.

Koko alizaliwa huku chini Goma, karibu na ziwa kubwa, akaolewa Masisi akiwa bado msichana. Alisema mashimo yaliyo kati ya mawe ya volkano yana mwenyewe, jina lake Mazuku. Usiku anatembea, alfajiri anarudi kulala shimoni, na haondoki humo mpaka jua lipande na upepo utikise majani. Hana meno wala kucha. Ana mikono mifupi tu, haifiki kiunoni mwa mtu mzima, kwa hiyo anachukua vifupi: kuku, mbuzi, mtoto, na yeyote anayeinama au kulala. Mama aliimba kwaya na hakutaka habari za mizimu nyumbani mwake. Akisikia hadithi hiyo alikuwa anasugua sufuria kwa nguvu zaidi.

"Mama mukwe, munaogopesha mutoto bure."

"Ni bure mpaka siku ile utafika kule," Koko alimjibu.

Siku ya kukimbia ilipofika, baba alikuwa ameshafariki na mama alikuwa karibu kujifungua. Hakuweza kutembea. Akabaki kwa dada yake, akanikabidhi kwa Koko, akasema atatufuata akiwa na mtoto mgongoni. Tulishuka na umati mpaka kambini, karibu na barabara ya Sake, tukapata hema la turubai juu ya mawe meusi. Usiku mawe yale yalikuwa yanatuchoma mbavu. Nilichoka uchovu ambao sikujua mtoto anaweza kuwa nao. Mchana kutwa nilikuwa na swali moja tu: mama atafika lini?

Karibu na kambi kuna kilima ambacho ndani yake kumelala Lac Vert, ziwa dogo la kijani katika shimo la volkano. Ukiwa juu ya ukingo wake unaona barabara yote, kila anayetoka Sake. Nilimwomba Koko nipande kila asubuhi kumtazama mama. Yeye magoti yalishamkatalia kupanda kitu chochote. Akanishika sikio.

"Enda. Lakini pita juu, kwenye mugongo ya kilima. Shimoni hapana kushuka. Hapana kukaa chini. Kitu kikianguka, ukiache. Usiiname, unanisikia?"

"Hata kama ni kandambili yangu?"

"Hata kama ni kichwa yako."

Basi nikawa napanda peke yangu. Mwanzoni ni mawe makali, unashika kwa mikono, unavuta mwili, unafika pumzi imekwisha. Juu njia ni nyembamba. Upande mmoja ziwa limetulia chini kabisa, halina hata wimbi. Upande wa pili mteremko unakwenda mpaka kwenye mashimo yenye majani mabichi, halafu barabara. Majani hayo yalikuwa mazuri kuliko yote ya pale, na hakuna mbuzi aliyekuwa akiyala. Asubuhi nyingine niliona humo ndege wadogo wamelala, mabawa wazi. Siku moja kandambili ilinivuka mguuni kweli, nikaiacha, nikarudi kambini nikichechemea. Koko alicheka mpaka akashika ukuta wa hema, na ukuta ukamwangukia.

Asubuhi ile haikuwa na upepo kabisa. Nilikuwa juu, barabara imejaa watu na mizigo, ndipo nikamwona mwanamke amevaa kikwembe, kitenge cha buluu chenye jogoo wa manjano. Kikwembe kile ndicho nilichobebewa mgongoni nikiwa mchanga. Mgongoni palikuwa na fundo dogo. Mungu wangu, mama! Nilicheka peke yangu kwa sauti.

Sijamaliza kucheka, masasi yakaanza upande wa Sake.

Watu wakatawanyika, mizigo ikabaki barabarani. Mama hakupiga kelele. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaona shimo lenye majani marefu, akalikimbilia, sawasawa na alivyonifundisha. Mbele yake alikimbia mzee mmoja akivuta kondoo kwa kamba.

"Mama! Usishuke! Panda huku!"

Aliinua kichwa. Akaniona: mtoto wake, juu ya mgongo wa kilima, amesimama wima na mbingu yote nyuma yake.

"Lala!" akapiga kelele. "Lala chini, weye mutoto!"

Mwili wangu ulitaka kulala. Magoti yalishaanza kukunjika yenyewe, maana ndivyo yalivyofundishwa. Kitu kimoja kilipita juu yangu kikipiga mluzi. Nilikojoa, lakini sikulala. Nilijua nikijificha hatanifuata, ataingia shimoni. Nikafungua kakikwembe kangu kiunoni, nikakapunga, huku nalia.

"Panda, mama! Panda!"

Yule mzee alikuwa ameshaingia majanini. Mama alisimama ukingoni mwa shimo. Halafu akageuka, akaanza kupanda kwa mikono na miguu, mtoto analia mgongoni, na yeye akinitukana matusi ambayo sikujua mtu wa kwaya anayafahamu. Alipofika alinipiga kofi moja zito, akanivuta nyuma ya jiwe, akanikalia karibu mwili mzima.

"Unataka kufa mbele ya macho yangu?"

"Mazuku iko kule, mama."

"Mazuku! Mazuku!" Akanikandamiza chini zaidi.

Tulimsikia kondoo analia kule chini, mara mbili, mara tatu, kisha akanyamaza. Masasi nayo yakasogea mbali mpaka yakaisha. Mama akachungulia juu ya jiwe. Yule mzee alikuwa amejificha vizuri sana, amelala kifudifudi, amefunga mdomo.

"Baba," mama akaita. "Baba, muinuke, bameshapita."

Hakuinuka. Mama aliita tena, kwa sauti ndogo zaidi. Kisha akamfungua mtoto mgongoni, akamkumbatia kifuani, akasimama wima.

Baadaye Koko alikuja na vijana wa kambi. Aliwasha kitita cha majani makavu, akakishusha polepole kwenye ukingo wa shimo. Moto ulizimika mara moja. Wakangoja jua lipande ndipo wakautoa mwili wa yule mzee. Hakuwa na jeraha lolote.

Nimekua, nimekimbia tena mara nyingi, nimerudi tena Goma. Watu waliosoma wametueleza kwamba ni hewa nzito inayotoka ardhini na kujaa mahali pa chini, na mimi nawaamini. Lakini kambi zimejaa tena kwenye mawe yaleyale, na wanaofika wanatoka vilimani na somo lilelile la kulala bondeni. Hewa nzito hawaielewi haraka, na mimi sina nguvu za kueleza mara mbili. Nawaambia tu: ana mikono mifupi. Wanacheka, lakini wanakumbuka. Wanangu mwenyewe nimewafundisha masomo yote mawili, ya bibi yangu na ya mama yangu. Ni kazi ya kuchosha, kumfundisha mtoto lini alale na lini asimame.

Mama alikufa kitandani, mzee, dada yangu yule wa mgongoni akimshika mkono. Maisha yake yote hakukubali hata siku moja kwamba Koko alisema kweli. Watu walipomuuliza ilikuwaje akapona siku ile, alinionyesha kwa kidole akasema, "Nilipanda kumupiga huyu." Ni kweli, ndicho alichopandia. Shavu hili bado linalikumbuka lile kofi, na nalishukuru mpaka leo.